Vioo vya Gari la Mwalimu

Kila gereji ina mtu wa kusingiziwa. Gari likigoma kuwaka, ni fundi umeme. Likivuta upande, ni mtu wa magurudumu. Lakini mteja akirudi amenuna, na hakuna anayejua kosa liko wapi, lawama huzunguka uani ikitafuta mlango ulio wazi. Katika gereji hii mlango huo ulikuwa wa chumba cha nyuma, na ndani yake alikaa mwanamke mmoja waliyemwita Sindano.

Jina hilo hakupewa na mama yake. Mafundi ndio waliompa, maana hukumkuta hata siku moja bila sindano iliyochomekwa kwenye ukosi wa gauni, uzi umeshatungwa, mithili ya askari na bunduki yake. Kazi yake ilikuwa kushona viti vya magari, mazulia yake, na mapaa ya turubai kwa yale machache yanayofunguka juu. Zamani alishona magauni. Alishona miaka kumi na minne, ya arusi na ya kazini, mpaka nguo za kununua tayari zikajaa madukani na wateja wakamtoka mmoja mmoja kama meno ya mzee. Ndipo kaka wa mumewe, mwenye gereji, alipomwambia, "Shemeji, cherehani inayopita kwenye jinzi itapita kwenye kiti cha gari. Njoo." Akaja na cherehani mbili na kigoda chake cha kukalia. Sasa ulikuwa mwaka wa kumi na moja.

Shemeji huyo alikuwa mtu mrefu, mwenye mkono wazi katika kila kitu isipokuwa kimoja: funguo. Alikuwa na shada la funguo ambalo ungedhani anafungia magereza matatu. Ufunguo wa geti, wa ofisi, wa stoo, wa makabati, na mingine ya kufuli zilizokwisha kutupwa zamani. Yote ilikaa mfuko wa kulia wa suruali, na kumtolea mtu mwingine hata mmoja ilikuwa mwiko. "Ufunguo ukizaa," alipenda kusema, "mwizi amepata mjukuu." Kwa hiyo kila asubuhi Sindano alisimama mbele ya mlango wa chumba chake mwenyewe, mkoba begani, akimsubiri shemeji amalize chai aje amfungulie. Kila asubuhi, miaka kumi na moja.

Basi Jumatatu moja gari lilisikika kabla ya kuonekana. Kri-kri-kri, kri-kri-kri, kama kabati la vyombo limepandishwa mkokoteni. Mafundi wakainua vichwa. Getini likaingia gari la Mwalimu.

Mwalimu alikuwa amestaafu kufundisha hesabu, na gari hilo alilinunua bado kijana, wakati nywele zake zilikuwa nyingi kuliko akili, kama mkewe anavyosimulia. Lilikuwa gari la michezo la kizamani: viti viwili tu, boneti ndefu, matako mafupi, rangi ya komamanga. Lilikuwa limelala bandani miaka ishirini juu ya matofali, kuku wakitagia kwenye kiti cha abiria. Alipostaafu akalifufua kipande kwa kipande, na kipande cha mwisho kilikuwa paa jipya la turubai, kazi ya mikono ya Sindano, iliyokamilika wiki moja tu nyuma.

Na hapa sharti nieleze kitu, maana ndipo ugomvi ulipozaliwa. Milango ya gari lile haina fremu juu. Ukizungusha mkono wa mlango, kioo hupanda chenyewe hewani, uchi, bila kushikwa na chochote, mpaka kikutane na raba iliyoshonewa ukingoni mwa paa. Vikikutana sawasawa, kimya. Visipokutana, kioo hutikisika kama jino bovu.

"Fundi," Mwalimu alimwambia Sindano kwa upole wa mtu anayesahihisha daftari, "tumetembea kilomita nane na sikusikia neno hata moja la mke wangu."

"Wengine wangeleta zawadi," sauti ikatoka chini ya lori.

Mke wa Mwalimu akashuka ameshika kiuno. Yeye alikuwa mkunga, naye mstaafu, mama mwembamba mwenye macho yasiyopitwa na kitu. "Nimekaa wodi ya wazazi miaka thelathini na mbili," akasema. "Sijapata kusikia kelele kama hizi. Mwenzangu atajua pa kwenda nalo, lakini mimi humo sipandi tena mpaka vioo vinyamaze."

Shemeji akaja, funguo zikicheza mfukoni. Akalizunguka gari. Akapiga kioo cha kushoto kwa kidole, kikalia. Akapiga cha kulia, kikalia zaidi. "Hivi vioo havikuwa na shida kabla ya hili paa," akasema.

"Kabla ya hili paa, shemeji, hata injini haikuwa na shida. Gari lilikuwa limelala na kuku."

Mafundi wakacheka, lakini shemeji hakucheka. Ukweli ni kwamba kulikuwa na jambo jingine lililomkaa rohoni tangu mwezi uliopita, na jambo hilo lilikuwa limesimama palepale na kopo la rangi mkononi. Mpiga Rangi wa gereji alikuwa akifanya kazi uani, kwenye vumbi na inzi, na kila bodi aliyoipaka ilikauka na mdudu wake. Alihitaji chumba chenye kuta nne. Chumba cha namna hiyo kilikuwa kimoja tu.

Mwalimu na mkewe walipoondoka kwa miguu, shemeji alimwita Sindano pembeni. Hakupaza sauti. "Sikiliza, mke wa mdogo wangu. Watu wanasema umelikata paa fupi."

"Watu gani? Wana majina au wana midomo tu?"

"Mwalimu anarudi Jumamosi saa sita mchana. Vioo vikiwa kimya, chumba ni chako na sitaki kusikia mtu akikitaja. Visipokuwa kimya, Jumatatu ijayo Mpiga Rangi anahamia, na wewe utakuwa unashonea nyumbani."

Nyumbani kwa Sindano palikuwa na vyumba viwili na ujia. Paa moja la gari ukilitandaza pale, watu wanakula wamesimama. Na kiti cha lori je? Nani atabeba kiti cha lori hadi ghorofa ya tatu ili kibadilishwe kitambaa? Kazi ingekufa yenyewe, bila mtu kuiua. Sindano aliyajua hayo yote kabla shemeji hajafunga mdomo.

"Vioo nitavitengeneza mimi," akasema.

"Wewe? Vioo ni kazi ya mafundi."

"Mafundi wamekwisha sema kosa ni la paa. Basi vioo havina kazi ya fundi. Niachie."

Shemeji akamtazama, akatikisa kichwa, akaondoka na funguo zake. Naye Sindano akaingia chumbani, akatoa kigoda.

Jumanne asubuhi aliwaomba mafundi wamwinulie gari kwa jeki na kuliweka juu ya stendi nne za chuma, kila pembe moja. Magoti yake yalikuwa ya mshonaji wa miaka mingi: yanakubali kukaa, yanakataa kuchuchumaa. Gari likiwa juu, mlango ulikuja sawa na kifua chake akikaa kigodani, kama kitambaa mezani. Akafungua skrubu, akatoa kibao cha ndani cha mlango, akachungulia.

Ndani ya mlango wa gari ni kama ndani ya koti. Nje unaona urembo; ndani ndiko kuna siri za fundi. Kioo kilikuwa kimekalia reli ya chuma. Reli inasukumwa juu na mkono wenye kigurudumu, na pande mbili kioo kinateleza ndani ya mifereji iliyotandikwa kitambaa kizito chenye manyoya. Manyoya hayo yalikuwa yamekwisha, yamebaki mafupi kama ndevu za juzi. Akacheka peke yake. Kumbe ni kazi ya kitambaa! Akakwangua gundi ya zamani, akakata kitambaa kipya, akakitandika kwenye mifereji kwa mkono uleule uliotia bitana kwenye makoti ya watu.

Kisha akachukua chaki ya kushonea, akaipaka kwenye raba ya paa, akapandisha kioo na kukiteremsha. Pale kioo kilipogusa raba, ukingo wake ulitoka na chaki. Pale kisipogusa, ulitoka msafi. Akalegeza nati za reli, akakiegemeza kioo ndani kidogo, akakaza, akajaribu tena. Alifanya hivyo Jumanne nzima na Jumatano nzima. Alipomaliza chaki akatumia karatasi: unafunga mlango na kipande cha karatasi kimebanwa kati ya kioo na raba, halafu unakivuta. Kikitoka kirahisi, kuna mwanya. Alhamisi saa nane mchana karatasi zilikuwa zinachanika badala ya kutoka, pande zote mbili, mbele hadi nyuma. Akapiga kioo kwa kiganja. Kikanyamaza kama ukuta.

"Teremsheni," akawaambia mafundi. Alikuwa na unga wa chaki hadi kwenye nyusi.

Mmoja akaliwasha, akatoka nalo. Mbele ya gereji barabara ina matuta matatu, halafu reli ya treni. Sindano alisimama getini. Tuta la kwanza: kri. La pili: kri-kri. Walipofika kwenye reli, hata muuza magazeti ng'ambo ya pili aligeuka.

Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililomchoma. Fundi alilirudisha gari, akazima, akajifanya anatafuta kitambaa cha kufutia mikono. Mpiga Rangi alikuwa mlangoni mwa chumba cha nyuma, anahesabu hatua: moja, mbili, tatu, nne na nusu. Alipomwona Sindano akasimama na mguu hewani.

"Nilikuwa natafuta… nimeangusha kitu," akasema.

"Ni hatua tano," Sindano akamjibu. "Una miguu mirefu. Lakini usiandike bado."

Jioni alirudi nyumbani akikanyaga ngazi kama anazidai. Mumewe alikuwa mpishi wa shule ya bweni, mtu wa tumbo la kujivunia na maneno laini, na jioni hiyo alikuwa na haja yake. Shule ilikuwa na sherehe, naye alishonewa suruali mpya, imebaki kupimwa na kukunjwa miguu.

"Leo umeiva," akasema alipomwona uso.

"Vaa suruali, Mpishi, nimalizane na kitu kimoja angalau."

Akavaa. Akasimama katikati ya ujia amenyooka kama nguzo ya bendera, mikono ubavuni. Sindano akapiga goti kwa kuguna, pini mdomoni. Kiuno kilikaa sawa, vizuri mno. Akainua macho.

"Unavuta tumbo."

"Mimi?" akasema bila kupumua.

"Achia."

"Hili ndilo tumbo langu."

"Hilo ni tumbo la mtu mwingine. Kila mwaka unanifanyia hivi. Nakupima umesimama, umejikaza, nguo inakaa kama umemwagiwa. Ukikaa kitini tu, paa! vifungo vinaruka. Nguo haipimwi kwa mtu aliyejikaza. Achia tumbo, halafu uka…"

Pini moja ikaanguka.

"Halafu ukae," Mpishi akamalizia, kwa kuwa maneno hayo aliyajua kwa moyo. Akaachia tumbo, akakaa kwenye kigoda, na kifungo kikaruka mpaka chini ya jiko. Mkewe hakukitazama.

"Mpishi," akasema taratibu, "gari nililipima limevuta tumbo."

Fikiri nawe. Gari lisilo na paa la chuma halina kitu cha kulishikilia juu. Ni kama sanduku lisilo na kifuniko. Ukilishika sakafuni, pembe nne, juu ya stendi, linajikunja hivi. Ukilishusha likasimama kwa magurudumu yake, linajikunja vingine. Ukiwaweka watu wawili ndani, linalegea katikati na milango inahama unene wa kijiti cha kiberiti. Kwa macho huoni. Kioo kinaona. Na yeye, kwa sababu ya magoti yake, alikuwa amelipima juu ya stendi, tupu. Miaka kumi na minne alikuwa akiwafokea watu wasijikaze wakipimwa, na sasa amekwenda kulishonea gari lililojikaza.

"Kesho unaingia kazini saa ngapi?" akamuuliza mumewe.

"Nikishagawa chai niko huru hadi saa tano. Kwani?"

"Una kilo ngapi?"

"Hayo ni maswali ya ndoa au ya polisi?"

"Mwalimu na wewe hampishani sana. Kesho utakaa kwenye gari."

Ijumaa asubuhi, shemeji alipomfungulia mlango, Sindano hakukaa. Alilisimamisha gari juu ya sakafu iliyo sawa, akaomba magurudumu yajazwe upepo kwa kipimo kimoja, akatandika gunia kando ya mlango. Mpishi akaja, akaingia kiti cha dereva kwa sehemu tatu: kichwa, tumbo, halafu salio. Gari likashuka kidogo kwa heshima. Sasa alitakiwa mtu mwembamba kama Mkunga, wa kukaa upande wa pili. Mafundi wote walikuwa wanene au chini ya magari. Aliyebaki ni mmoja tu.

"Mimi?" Mpiga Rangi akauliza. "Unataka mimi nikusaidie unizuie kupata chumba?"

"Nataka kilo zako. Roho yako kaa nayo."

Akakaa. Tuseme tu kwamba hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye inzi kwenye rangi. Wakakaa pamoja saa mbili nzima, magoti yamebanwa, Mpishi akimweleza jinsi ya kupika wali wa watoto mia nne usishike chini, naye akimweleza Mpishi kwa nini rangi nyekundu ndiyo yenye kiburi kuliko zote. Nje, Sindano alilala kwa ubavu juu ya gunia, magoti yakimlaani, spana namba kumi mkononi, chaki mdomoni.

"Msicheke," akawaambia. "Mkicheka gari linacheka."

Chaki ilisema ukweli mara ya kwanza kabisa. Kioo cha kulia, ambacho jana kilichana karatasi, leo kilikuwa na mwanya nyuma unaopitisha sarafu. Akalegeza nati mbili za chini, akakiegemeza. Akapandisha kidogo kizuizi cha ndani kinachokomesha kioo, ili kiende juu zaidi. Chaki, kioo, nati. Chaki, kioo, nati. Saa nne na robo kioo cha kulia kilikuwa kimetoka na mstari mweupe mzima, haukukatika popote.

Akahamia kushoto. Huko mambo yalikwenda vizuri mpaka pembe ya nyuma. Hapo chaki haikugusa. Akakiegemeza kioo hadi mwisho wa nati, haikugusa. Akapandisha kizuizi hadi mwisho, haikugusa. Akainuka kwa kushika mlango, akapitisha kidole ukingoni mwa paa, kwenye mshono wake mwenyewe. Akapitisha mara ya pili.

Lilikuwa fupi.

Si sana, unene wa kamba ya kiatu. Lakini turubai hilo alilivalisha gari likiwa juu ya stendi vilevile, kwa ajili ya magoti yaleyale, na pembe ile ilipolegea baadaye, kitambaa kilibaki nyuma. Watu wasio na majina walikuwa wamesema kweli, angalau kwa pembe moja kati ya nne.

Pale palikuwa na njia rahisi. Angeweza kubandika kipande cha raba nene ndani ya ukingo, kikajaza mwanya, na asingejua mtu. Kingekaa mwezi, labda miezi miwili. Mpishi na Mpiga Rangi walikuwa wanazungumzia vitunguu. Hakuna aliyekuwa anamtazama.

"Shemeji!" akaita kwa sauti iliyofika hadi ofisini.

Shemeji akaja, mfuko ukilia.

"Pembe hii ya nyuma, kushoto. Paa ni fupi. Kosa langu."

Mafundi wakageuka. Hata aliyekuwa chini ya lori akatoa kichwa.

"Kwa hiyo…" shemeji akaanza.

"Kwa hiyo nafumua. Jumamosi saa sita haijafika." Akachomoa sindano ukosini.

Alifumua ukingo ule tangu pembe hadi katikati, akaongeza kipande, akakishonea mkono, maana cherehani isingefika bila kulivua paa lote. Turubai si hariri; kila mchomo alisukuma sindano kwa kipande cha ngozi kiganjani na kuivuta kwa koleo. Mpishi alikwenda kuwapikia watoto, akarudi saa tisa, akakaa tena kitini bila kuambiwa. Mpiga Rangi naye alirudi. Saa kumi na moja chaki iligusa pembe hadi pembe. Sindano akazungusha mkono wa mlango juu na chini mara tano, kioo kikapanda kama mtu anayeingia kwake.

Jumamosi, saa sita kasoro dakika tano, Mwalimu alifika na mkewe. Shemeji akasema atasikiliza mwenyewe, asije mtu akasema gereji ina upendeleo wa ndugu. Akaingia kiti cha abiria, miguu mirefu ikikunjwa kama panzi, na Mwalimu akashika usukani. Wakatoka. Tuta la kwanza, la pili, la tatu, reli. Kwa nje Sindano hakusikia kitu. Moyo wake ukaanza kukaa chini.

Wakarudi. Shemeji alishusha mguu mmoja tu. Uso wake haukuwa na furaha. "Bado," akasema. "Kushoto. Kri-kri, tuta la pili na la tatu."

"Mwalimu?"

"Nimesikia, fundi. Samahani. Ni ndogo, lakini ipo."

"Shuka, shemeji. Nikae mimi."

Akaenda na Mwalimu. Walipita matuta yote, wakavuka reli, wakageuza, wakarudi. Kimya. Mwalimu hata alimuuliza habari za magoti kwa sauti ya kawaida, akamjibu.

"Hakuna kitu," akasema Sindano aliposhuka.

"Kwa sababu wewe ni mwepesi," shemeji akasema. Hakuwa akimkomoa, alikuwa anafikiri. "Wewe mwenyewe jana umetuhubiria hapa: uzito ukibadilika, gari linajikunja vingine. Mimi nikikaa linalia. Abiria wa Mwalimu akiwa mtu mzito kama mimi, je?"

Na hapo, ndugu zangu, Sindano alikwama, maana alikuwa amepigwa kwa fimbo aliyoichonga mwenyewe. Mpiga Rangi akatazama chini. Saa ya ofisini ilikuwa sita na dakika kumi.

"Kaa tena, shemeji," akasema. "Hapahapa. Mwalimu pia. Nyinyi wawili nendeni nyuma mlitikise gari, juu chini, kama tuta."

Mafundi wawili wakaegemea buti. Juu, chini. Kri-kri. Ilikuwapo kweli. Sindano akaweka kiganja juu ya kioo: kioo hakitetemeki. Akaweka kidole pembeni, kwenye mshono mpya: umetulia. Kri-kri. Akabaki amekishika kioo, hajui aende wapi.

"Nipisheni," akasema Mkunga.

Akainama taratibu, akavua hereni moja, akalaza sikio juu ya mlango, macho ameyafumba. Miaka thelathini na mbili alikuwa amesikiliza mioyo isiyoonekana kwenye matumbo ya watu. "Tikiseni," akasema. Wakatikisa. Akashuka kidogo. "Tena." Akashuka tena. "Mtoto hayuko huku juu. Yuko chini. Yuko hapa, usawa wa kiuno cha huyu baba."

Sindano akamtazama shemeji yake. Akatazama paja lake la kulia, lililobanwa kati ya kiti na lile tuta la sakafuni linalopitisha gia. Akafungua mlango, akanyoosha mkono, kiganja juu.

"Shemeji. Funguo."

"Funguo gani?"

"Magereza yote matatu."

Kicheko kikaanza chini ya lori na kupanda hadi ofisini. Shemeji akajinyanyua kwa taabu, akachimba mfuko, akalitoa lile shada, akaliweka kiganjani mwa shemejiye kama mtu anayekabidhi jino.

Sindano akafunga mlango. "Tikiseni," akasema.

Wakatikisa. Juu, chini, juu, chini, mpaka Mwalimu akaomba wasimvunje. Hapakuwa na sauti ila springi za kiti zikipumua.

"Haya," Mkunga akasema akivaa hereni yake. "Baba, nipishe kiti changu. Huyu mume wangu nina maneno naye ya tangu Jumatatu."

Walipokwisha ondoka, kimya kabisa hadi ng'ambo ya reli, shemeji akanyoosha mkono akidai funguo zake. Sindano hakumpa. Alikuwa amekaa kigodani, mlangoni mwa chumba, anazipitia moja moja kama anachambua mchele. Akaupata. Ulikuwa mdogo, wa shaba, umeng'aa kwa kutumika. Akauzungusha kwenye pete hadi ukatoka, ndipo akamrudishia shada.

"Ufunguo ukizaa…" shemeji akaanza kwa mazoea.

"Huu haujazaa. Umeolewa, umehamia kwa mumewe."

Shemeji akalitazama shada. Akalipima shada mkononi, akalitikisa, akasikiliza. "Limepungua," akasema, akaenda zake akitabasamu upande mmoja.

Jumatatu iliyofuata Sindano alifika kabla ya chai ya mtu yeyote. Akafungua mwenyewe. Uani Mpiga Rangi alikuwa anafukuza inzi kwa kitambaa.

"Njoo na hatua zako," akamwita kutoka ndani. "Yamebaki maturubai ya mwaka jana. Nikikushonea kibanda chenye kuta nne na zipu, utahitaji upana gani?"

"Hatua tano," akasema Mpiga Rangi.

"Pima vizuri. Na gari liwe ndani, milango yote imefunguliwa, na wewe umesimama kando yake na bomba lako la kupulizia rangi. Usinipimie eneo tupu."